Usiniambie Upo Njiani

Editha,

Sista aliyetufundisha kuandika barua alitaka salamu zitangulie, kabla ya jambo lolote, hata kama nyumba inaungua. Nimemtii miaka yote. Leo salamu nimeziweka mwisho, na sina hakika kama nitafika huko, kwa sababu nina hasira na wewe na imekaa kifuani tangu Jumamosi.

Umeshuka Mjimwema kumuaga shangazi yako. Jua bado lipo. Barua hii nitaikunja ndani ya khanga uliyoiweka kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa najua basi likikaribia Njombe baridi itakubana na utaivuta ujifunike. Hapo ndipo utakapoisoma. Sitakuandikia mambo ya kula, ya kuficha nauli wala ya wanaume wa Dar es Salaam. Hayo shangazi yako anakueleza sasa hivi, na anayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nina neno moja tu la kugombana nalo, na wewe unalijua.

Jumamosi nilikuwa nachambua maharage uani na wewe umekaa kwenye mkeka unapaka kucha rangi. Simu yako ikaita, ukaiweka kwa sauti kubwa ili usichafue vidole. Alikuwa yule mzee mwenye sheli ndogo kule Nakapanya. Miezi yote hii uliyokuwa unajifunza kazi katika ofisi ya kampuni ya mafuta hapa mjini, amekuwa akikuita binti yangu.

"Binti yangu, petroli hapa kwangu imebaki ya kunusa. Gari langu vipi?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari langu vipi?"

"Lipo njiani, baba. Vuta subira kidogo."

"Alhamdulillahi. Basi niwaambie hawa watu wasubiri?"

"Waambie tu."

Ukakata. Nikakuuliza limefika wapi. Ukaniuliza nini kimefika wapi. Nikasema gari la mzee. Ukapuliza kucha zako, ukanijibu bila kuniangalia: "Mama, hata halijapakiwa. Ila ukimwambia hakuna, atapiga simu mpaka usiku."

Nikasema mpigie umwambie ukweli. Ukacheka. "Mama, kila mtu anajua njiani maana yake nini. Hata wewe ukiwa bado unaoga, unawaambia wenzako wa jumuiya upo njiani."

Baba yako naye akacheka huko ndani, akasema hapo mtoto amenipata. Na ni kweli ulinipata. Ndiyo maana niliacha maharage nikaingia chumbani, kwa sababu ningebaki pale ningekutupia ungo. Jumapili asubuhi uliponiamkia sikukuitikia. Uliniamkia tena jana na leo, na mimi nikawa naangalia chai. Najua umeona. Nilikuwa naisikia sauti yako ikisema "shikamoo, baba" kwa yule mzee, halafu uongo ukifuata nyuma yake kama tela.

Sasa nikueleze sauti hiyo niliisikia wapi kwanza.

Unakwenda Dar es Salaam, ofisi kuu, kukaa meza moja na Kaka Deo. Umekuwa ukimsifia nyumba nzima, kwamba anaratibu mafuta ya kusini yote kutoka kwenye kompyuta moja, anajua gari gani lipo wapi na kila sheli imebakiwa na nini. Mimi sijawahi kumwona uso. Namjua kwa simu, tangu nilipokabidhiwa kusimamia akiba ya sheli yetu, wewe ukiwa darasa la kwanza. Kila aliponipigia alianza hivi: "Mama yangu wa Songea, shikamoo." Nikajiona nimepata kijana mwenye adabu. Wengine pale mjini walikuwa wanajibiwa kwa mkato, mimi naamkiwa kwanza.

Wakati ule nilikuwa na utaratibu wangu. Asubuhi na jioni nilifungua mfuniko wa tenki nikatumbukiza fimbo ya kupimia, nikasoma mafuta yamefika wapi. Kwenye fimbo ya dizeli nilichora mstari kwa rangi nyekundu ya kucha, ndiyo, rangi kama yako. Yakishuka kwenye mstari huo, nafunga pampu. Wenye malori watukane wanavyotaka. Kilichobaki chini ya mstari ni cha gari la wagonjwa na gari la msiba. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu kwamba mji huu upo mbali na bandari, na mvua ikikaza barabara inafanya inavyotaka, basi lazima kibaki kitu.

Masika moja dizeli ikashuka mpaka kwenye mstari. Nikafunga pampu, nikampigia Deo.

"Mama yangu, shikamoo. Ondoa wasiwasi. Limeshafika Nakapanya."

Nakapanya. Ukilala hapo, kesho yake upo Songea. Nje walikuwa wamejaa madereva wa mabasi na malori, wananiita mchoyo, mmoja anauliza kama dizeli nimeiwekea mahari. Nikajiambia kama gari limeshafika Nakapanya, hii akiba ya nini. Nikafungua pampu. Niliuza mpaka pampu ikaanza kuvuta hewa. Nikarudi nyumbani nikalala vizuri, wewe pembeni yangu umenitegea mgongo.

Asubuhi, mvua ikiwa inanyesha, likaingia pikapu lenye jeneza. Walikuwa wanatoka hospitali ya mkoa na mzee wao, wanampeleka Mbinga kumzika mchana ule ule. Mjane alikaa mbele na dereva, nyuma walikaa ndugu wameshikilia turubai lisipeperuke juu ya jeneza. Dereva akaomba dizeli.

Nilikuwa na majibu mawili, Editha. Ningeweza kusema hakuna. Sheli ya pili kule stendi bado ilikuwa na kidogo, na asubuhi ile foleni yake ilikuwa fupi. Wangekwenda, wangepata, wangeondoka. Mimi nikasema, "Yapo njiani. Subirini kidogo tu, hayachukui muda." Nilisema kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyeniamkia.

Wakasubiri. Niliwapa chai. Kila lilipopita gari kubwa barabarani tulinyanyuka wote tukaangalia. Nilimpigia Deo tena na tena.

"Mama yangu, shikamoo. Lipo njiani. Si unajua mvua."

"Limefika wapi?"

"Lipo njiani, mama yangu."

Kufikia mchana ile sheli ya stendi nayo ikaisha. Tukabaki na pikapu letu, na jeneza letu, na mvua. Ndipo kondakta mmoja wa basi la Tunduru akaniambia anamjua dereva wa gari letu, akanipa namba yake. Anaitwa Hamisi, Myao wa huko huko. Alipopokea nilisikia ngoma na vigelegele nyuma yake.

"Kaka Hamisi, upo wapi?"

"Nakapanya, dada."

"Tangu jana upo Nakapanya? Gari limeharibika?"

"Gari lipi? Gari lipo Mtwara, foleni ya kupakia. Mimi nimekuja harusi ya mdogo wangu."

"Kaka Deo kaniambia umefika Nakapanya na mafuta."

"Aliniuliza nipo wapi, nikamjibu Nakapanya. Hakuniuliza nimebeba nini." Akacheka, si kwa ubaya, alikuwa kwenye shughuli. "Nimebeba pilau, dada. Uje ule."

Huyo ndiye Kaka Deo wako. Ningeweza kumsamehe mtu mwongo, kwa sababu mwongo anajua ukweli ulipo, anaukwepa. Deo hakujua. Alimtafuta dereva akadhani amepata mafuta. Kisha akaandika kwenye kompyuta yake kwamba Songea ina mafuta, kwa sababu kwao mafuta yaliyo njiani yanahesabiwa kama yameshafika, na wakubwa wake wakaiona Songea imeshiba, wakaridhika. Na mimi nilikuwa nimesimama Songea nimeshika fimbo kavu.

Nilitoka nje kumweleza yule mjane. Nilitafuta maneno, nikaanza habari ya barabara na mvua na ofisi ya Dar es Salaam. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja ndani ya khanga. Hakupaza sauti. Alisema, "Mama, ungesema hakuna tu."

Basi. Alisema hivyo tu, akarudi kukaa kwenye gari.

Jioni ndipo dereva wao alipopata dumu la dizeli kwa mwenye mashine ya kusaga, wakaondoka. Baadaye nilisikia kwamba waombolezaji walilala na kaburi wazi, likajaa maji, na asubuhi wanaume wakaingia kuyachota kwa ndoo kabla ya kumshusha mzee. Mtu amefanya kazi maisha yake yote, amezaa, amelima kahawa, na siku ya mwisho watu wanamchotea maji kaburini kwa sababu mimi nilitamka neno nisilolijua.

Deo aliniambia, "Pole, mama yangu, ndiyo mambo ya kazi." Mwaka uliofuata wakampandisha cheo. Wiki iliyopita alinipigia kunipongeza kwa ajili yako. "Mama yangu wa Songea, shikamoo. Mwanao ni mwanangu." Nilikata simu. Nikamwambia baba yako imekata yenyewe.

Sasa sikiliza hili, nalo litakuudhi. Mjini hapa habari haikai. Wiki ile ile sokoni nilianza kuitwa Mama Njiani. Muuza nyanya akinipimia anauliza, "Mama Njiani, hela yangu imefika au ipo Nakapanya?" Soko zima linacheka. Wewe ukarudi kutoka shule unalia kwamba wenzako wanakuita mtoto wa Mama Njiani, ukaniuliza kwa nini. Nikakwambia ni kwa sababu nilikuzaa njiani, nikielekea hospitali, mawe ya Matogoro yakiwa mashahidi. Ukafurahi. Ukaenda kuwasimulia wote. Umeisimulia miaka yote hii, na kwenye usaili wa kazi hii walipokutaka ujieleze ukasema ulizaliwa njiani ndiyo maana usafirishaji upo kwenye damu. Ulituigizia hapo sebuleni, tukacheka, mimi nikacheka kuliko wote.

Editha, ulizaliwa hospitali. Kitandani, mchana, na muuguzi mnene aliyekuwa anaimba. Hakuna aliyekuzaa njiani. Nilikudanganya kwa sababu sikuweza kumweleza mtoto wa darasa la kwanza habari za lile jeneza, halafu ukakua, halafu nikaona uongo umekukaa vizuri kama gauni la Krismasi, nikauacha. Kwa hiyo Jumamosi, uliposema "lipo njiani" kwa sauti tamu kiasi kile, sikukasirika na wewe peke yako. Nilijiuliza neno hilo umelipata wapi, nikaona umelipata hapa hapa uani, kwangu. Nimekuvalisha tangu utotoni, na kesho unakwenda kulipwa mshahara kwa kulisema.

Hasira haijaisha kwa kuandika. Nilidhani itaisha.

Usinijibu kwamba kila mtu anajua njiani maana yake nini. Mjane hakujua. Yule mzee wa Nakapanya amesema alhamdulillahi, Editha. Amemshukuru Mungu kwa gari ambalo halijapakiwa. Jana nilichukua namba yake kwenye simu yako ukiwa unaoga, nikampigia. Ndiyo, nimechokonoa simu yako, kasirika na wewe. Nilimwambia gari lake bado halijaanza safari. Kisha akauliza, "Wewe nani?" Nikamwambia mama yake Editha. Akasema, "Mwambie binti yangu asante." Alidhani umenituma. Sikumrekebisha. Asante hiyo nimeibeba tangu jana na sijui niiweke wapi, kwa kuwa haikuwa yako wala yangu.

Utakapokuwa kwenye ile meza, watu watakupigia kutoka Namtumbo, Mbinga, Tunduru. Watakuwa wanauliza swali moja tu. Najua utakuwa na simu mbili zinaita pamoja na Deo anakuonyesha kwa mkono umalize haraka. Atakufundisha kwamba ukimwambia mtu hakuna, atanunua kwa wengine na hatarudi. Anaweza kuwa sahihi, mimi sijasomea biashara. Lakini mafuta yanakaa mahali. Yapo depo, au yapo ndani ya gari, au yapo ndani ya tenki, na gari nalo lipo kwenye mji wenye jina. Njiani si mahali. Ukimtafuta dereva, muulize amebeba nini kabla hujamuuliza yupo wapi. Na kama hujui, sema hujui. Watakutukana. Mimi nilitukanwa na wenye malori kwa kufunga pampu, na kati ya matusi niliyopata katika kazi hii hayo ndiyo pekee ninayoyakumbuka bila aibu.

Nilitaka barua iishie hapo. Nimesimama kufunga dirisha, nikaona njia ya bombani, ikanirudisha nyuma.

Hukumbuki, ulikuwa mdogo, hata shule hujaanza. Bomba letu la huku juu lilikuwa likikata maji bila taarifa, na wanawake wa bondeni wanapanda mlima na ndoo wakikuta pakavu. Siku moja ulikuwa unacheza pale lilipokata. Ukateremka mbio peku, unawapokea kwenye kona ya mlimani mmoja mmoja, umenyoosha mikono kama polisi wa barabarani. "Maji hakuna. Msipande. Maji hakuna." Mama mmoja alikucheka, akakuuliza, "Na wewe nani, bwana maji?" Ukamjibu, "Mimi nimeona." Ulikaa pale mpaka giza, nikaja kukubeba. Hakuna aliyekutuma. Hakuna aliyekufundisha. Wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa sijajua thamani ya neno hilo.

Mtoto yule ndiye ninayetaka apande basi kesho. Deo ampe kiti, ampe kompyuta, ampe simu hata tatu. Namjua. Akishaona, atateremka mlima.

Sasa kuhusu safari. Nitakupigia, na nitakuuliza umefika wapi. Ole wako unijibu upo njiani. Ukiwa Makambako, niambie Makambako. Ukiwa Iringa, niambie Iringa. Kama basi limeharibika Mikumi na mnasubiri fundi, niambie limeharibika Mikumi, hata kama unajua sitalala. Kama ulikuwa umesinzia na hujui mlipo, niambie hujui, halafu umuulize jirani yako kwenye kiti. Nitasubiri kwenye simu.

Na salamu zako, ambazo nilisema zipo mwisho, hizi hapa. Shikamoo ya Jumapili, na ya jana, na ya leo asubuhi ulipokuja kunichukulia kikombe mkononi nami nikaangalia pembeni, zote nimezisikia.

Marahaba, mwanangu.

Mama yako,
nipo Matogoro, kwenye kigoda cha jikoni, maharage yapo motoni na bado hayajaiva.